Marehemu wa Kona ya Uzio

Kila mwaka, majani yanapoanza kuwa mekundu na baridi ya asubuhi inapoanza kuuma masikio, Delbert Stamper alikuwa akienda kufa kwenye kona ya uzio pale Kivuko cha Tackett. Na alikufa vizuri. Hilo hata wasiompenda walimkubalia. Wapo watu wakipigwa risasi hurusha mikono juu kama wanaosimamisha teksi, wapo wanaochagua kwanza penye nyasi laini ndipo waanguke, na yupo daktari mmoja wa meno ambaye hufa huku ameishika miwani yake isije ikavunjika. Delbert hakuwa na mbwembwe. Akisikia mlio, magoti yanalegea, anakwenda chini, basi. Hatikisiki tena mpaka tarumbeta lilie.

Huku kwetu Kentucky vita vile vya Kaskazini na Kusini havijaisha, tumevipangia ratiba tu. Vya Kivuko cha Tackett vilikuwa vidogo, asubuhi moja ya kugombea mahali pa kuvukia kijito, lakini ndivyo tulivyojaliwa na hatuna vingine. Tuna bamba la shaba, tuna mzinga uliopakwa rangi mpaka mdomo wake umeanza kuziba, na tuna kibanda kinachouza vikombe vyenye picha ya mzinga huo. Kila Oktoba tunavaa makoti na kupigana upya mbele ya wageni. Bluu ni Kaskazini. Kijivu ni Kusini, wale waliopigania haki ya kumiliki watu, ingawa ukiwauliza wanaovaa makoti hayo siku hizi watakuambia hiyo ni habari ndefu, kisha wataanza kukusimulia, na utajuta kuuliza. Delbert alikuwa wa bluu, kama babu wa babu yake, na bunduki yake ilibeba baruti tupu isiyodhuru mtu isipokuwa masikio.

Sasa, hakuna anayependa kufa mapema. Mtu ameshonesha koti, ameendesha gari kutoka mbali, anataka afyatue kidogo kabla ya kulazwa juani. Kwa hiyo asubuhi Kapteni Harlan Combs, ambaye siku za kazi anauza chakula cha mifugo, hupitisha kofia yake na kila mmoja huchota kikaratasi: wewe unakufa mwanzo, wewe mwisho, wewe umepona. Delbert hakuwahi kuchota. Yeye alijitolea kufa kwa risasi za kwanza, palepale kwenye kona, na watu wakasema, mwone mtu muungwana. Wala haukuwa uungwana. Nyuma ya kona ile, ng'ambo ya kamba ya watazamaji, ndipo mkewe Verna alipokuwa akiweka kiti chake cha kukunja.

Verna alianza kwa utani. Mwaka wa kwanza aliegemea mbele na kusema bila kufungua midomo, "Delbert, umelalia mavi ya farasi." Delbert alikuwa maiti, na maiti haongei, wala hageuki kuangalia amelalia nini. Akatikisa buti mara moja, kumaanisha najua. Verna akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Toka hapo wakapatana: buti mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Lakini Verna alikuwa mwanamke mwenye akili, na haikuchukua muda akagundua kitu. Mume wake alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu mpole, mtu wa kimya, na kila jambo zito lilipotajwa nyumbani alikuwa akiinuka na kwenda bandani kunoa misumeno. Misumeno ya Delbert Stamper ilikuwa mikali kuliko yote wilayani, na kila mmoja alijua sababu. Hapa, kwenye kona ya uzio, hakuwa na pa kwenda. Alikuwa amekufa. Basi Verna akawa anayaweka mambo mazito kiporo mpaka Oktoba.

"Nakupenda ukiwa marehemu," alimwambia siku moja. "Hunikatizi, na hukimbilii bandani."

Ni hapo alipomwambia kwamba daktari amesema hawatapata mtoto. Delbert alilala kifudifudi, pua kwenye nyasi, mizinga ikilia, na alichoweza kufanya ni kutikisa buti mara moja, nimesikia. Ni hapo alipomuuliza kama bado anampenda, wakati ule wamekosana majira yote ya joto kwa sababu ya kaka yake Verna, na buti likajibu mara moja, haraka, kabla swali halijaisha. Buti lile halikuwahi kusema uongo. Mdomo wa Delbert uliweza kusema "hamna shida" huku nyumba inaungua, lakini buti lilikuwa la kweli, na Verna aliliamini. Kisha tarumbeta lilikuwa likilia, Kapteni Harlan anapiga kelele, "Wafu, amkeni!", watazamaji wanashangilia, na Verna anakunja kiti chake na kusema maneno yaleyale kila mwaka: "Haya, marehemu. Maharage yatakauka." Na Delbert anafufuka, wanakwenda nyumbani kula maharage na mkate wa mahindi.

Oktoba ya mwaka jana Verna alikuja amevaa makoti mawili. Delbert alipoanguka hakusikia utani wowote. Alisikia kifuniko cha chupa ya kahawa kikifunguliwa, kikifungwa, kikifunguliwa tena.

"Nilikwenda kuchukua majibu," Verna alisema. "Sikukuambia. Ni saratani, Delbert, na imeshasambaa. Hawana cha kukata." Bunduki zikalia. Akangoja zinyamaze. "Mimi naogopa kitu kimoja tu, nacho ni wewe. Nikiondoka, utakuwa sawa?"

Delbert alikodoa macho kwenye shina la nyasi lililokuwa mbele yake. Alitaka kuinuka. Akatikisa buti mara moja.

"Haya," Verna akasema, na Delbert akamsikia akishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. "Haya, vizuri."

Alifariki Februari. Muuguzi mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwambia Delbert kwamba mkewe hakuwa na wasiwasi hata kidogo siku za mwisho. "Alikuwa akituambia, mume wangu atakuwa sawa, ameniambia mwenyewe." Delbert alimshukuru, akaenda kwenye maegesho, akakaa ndani ya pikapu yake bila kuwasha gari, mpaka vioo vikajaa ukungu.

Kwa maana hakuwa sawa. Alikuwa akilala kwenye kochi kwa sababu kitanda kilikuwa kipana mno. Alikuwa akila akiwa amesimama karibu na jiko, sufuria mkononi, ili asilazimike kuitazama meza. Redio ya jikoni alikuwa ameiacha kwenye stesheni ya Verna, ya nyimbo za injili, nyimbo ambazo hakuwahi kuzipenda, na sasa aliogopa hata kupangusa vumbi kwenye kile kirungu cha kubadilishia stesheni. Watu walimuuliza kanisani, walimuuliza dukani, "Uko sawa, Delbert?" naye alijibu "Niko sawa," wakamwamini, au wakajifanya kumwamini, maana jibu lingine lingewachelewesha. Misumeno haikuwa na meno tena ya kunoa.

Kilichomkera zaidi ni lile buti. Miaka yote ile lilisema kweli, na siku iliyokuwa muhimu kuliko zote likadanganya, na Verna akaondoka na uongo huo akiwa ameushika kama stakabadhi. Delbert hakuwa mtu wa kuamini mambo ya mizimu. Lakini alijua alichotaka: kulala tena pale kwenye kona na kujibu upya, mara mbili.

Mwezi Machi alijaribu. Alikwenda siku ya kawaida, uwanja mtupu, upepo tu na ng'ombe wa jirani wakitafuna ng'ambo ya kijito. Akasoma bamba la shaba ambalo hakuwa amelisoma tangu utoto, akakuta majina ya makapteni wote na hakuna jina la aliyekufa. Akaenda kwenye kona, akaangalia kulia na kushoto, akalala chini na jaketi lake la kuvulia samaki. Hakujisikia maiti. Alijisikia mzee aliyelala kwenye majani mabichi. Pale Verna hakuwahi kuzungumza na Delbert aliye hai, aliongea na marehemu tu, sasa angeanzia wapi? Mtunza uwanja akaja na toroli lake.

"Mzee, umepoteza kitu?"

"Funguo," alisema Delbert.

"Nikusaidie kutafuta? Uko sawa lakini?"

"Niko sawa. Nimezipata."

Basi akangoja Oktoba. Hakuwa na kingine cha kungojea.

Siku ilipofika alitangulia kabla ya magari ya wageni. Akakitoa kiti cha Verna nyuma ya pikapu, kile chenye kitambaa cha kijani kilichopauka, akakifungua mahali pake nyuma ya kamba, akakibana miguu kwenye udongo kama Verna alivyokuwa akifanya. Akakitazama kidogo. Kisha akaenda kwa wenzake, na huko Kapteni Harlan alikuwa anamngoja na koti la kijivu mkononi.

"Delbert, kabla hujakasirika," alisema Harlan.

"Sijakasirika bado. Hilo nini?"

"Jamaa wa Kusini basi lao limekufa njiani. Wamefika wachache mno. Sisi tumejaa huku, wao hawatoshi hata kubeba bendera. Wewe ni mkongwe, bwana, wewe unaweza kufa upande wowote. Vaa hili, utoke na wenzako majini, ukikanyaga tu ukingo, lala. Pana kivuli kizuri."

"Mimi nafia kwenye kona."

"Kona ni ya bluu."

"Najua kona ni ya nani, Harlan."

"Kijivu hawafiki kwenye kona! Hata katika vita vyenyewe hawakuifikia, hatutaanza leo. Nitawaambia nini watu?" Harlan akashusha sauti. Alikuwa mwanamume mnene mwenye masharubu aliyoyafuga kwa ajili ya kazi hii tu, na hakuwa mtu mbaya. "Delbert, uko sawa? Kama hujisikii, pumzika. Hakuna atakayekulaumu."

Hapo ndipo angeweza kusema. Sentensi moja ingetosha. Lakini utamwambiaje mwanamume mwenzako, mbele ya watu wenye panga viunoni, kwamba unahitaji kufia mahali fulani ili umtikisie mke wako buti?

"Niko sawa," alisema, akalivaa lile koti. Lilimbana kwapani.

Saa nane mchana mzinga ulilia na kila mtoto uwanjani akaanza kulia pia. Wa kijivu wakatoka kijitoni na maji yakichuruzika kwenye suruali, moshi ukatanda, wa bluu wakajipanga nyuma ya uzio na kufyatua. Wenzake kulia na kushoto wakaanguka. Delbert alikanyaga ukingo. Kivuli kilikuwepo kweli, kizuri kama alivyoahidiwa. Akakipita.

Hakukimbia, magoti yale hayakimbii tena. Alitembea. Alikwea mteremko katikati ya uwanja mtupu, bunduki begani, macho kwenye kona, kama mtu anayekwenda kuchukua maziwa. Wa bluu wakafyatua tena, wote kwa pamoja. Akaendelea kutembea.

Mgeni hawezi kujua hilo ni kosa kubwa kiasi gani. Kwetu unaweza kusahau wimbo wa taifa, unaweza kulewa, unaweza kuvaa saa ya betri na koti la mwaka 1862, utasamehewa. Kukataa kufa hakusameheki. Mtu aliyepigwa na kikosi kizima akaendelea kutembea amewatukana wote waliompiga.

"Kufa, Delbert!" mmoja alinong'ona kwa nguvu kutoka nyuma ya uzio.

"Huyu mzee amevaa bati kifuani?"

"Piga tena, labda hasikii."

"Delbert, nimekupiga mimi mwenyewe, kifuani! Kuwa na adabu, kufa basi!"

Hata maiti za kijivu zilikasirika. "Babu, ushakufa mara tano," moja ilisema bila kuinua kichwa Delbert alipoivuka. "Lala, unatuaibisha." Mtangazaji kwenye kipaza sauti, ambaye alikuwa amezoea kusoma maneno yaleyale kila mwaka, alikohoa na kusema kwamba hapa tunamwona, eh, askari wa Kusini, shujaa kwa kweli, akisonga mbele. Watazamaji wakaanza kucheka, kisha baadhi wakaanza kupiga makofi. Delbert hakusikia. Aliona kitambaa cha kijani kati ya moshi.

Alifika kwenye uzio, akatupa mguu mmoja juu ya mbao, na mguu wa pili ukagoma. Akabaki amekaa juu pale, katikati ya majeshi mawili, akihema. Bunduki za bluu zikanyanyua midomo juu maana sheria inakataza kufyatua karibu na uso. Mwishowe daktari wa meno, adui yake wa siku ile, alisukuma miwani juu ya pua, akampa mkono na kumshusha. "Samahani," Delbert alimwambia. Kisha akapiga hatua zilizobaki mpaka kwenye kona, magoti yakalegea, akaenda chini.

Nyasi zilinukia vilevile. Akafumba macho akangoja, maana kuna kitu kichwani mwake kilikuwa bado kinangoja, hata kama mwenyewe alijua. Akasikia mtu akitafuna bisi.

"Jamani!" ilisema sauti ya mwanamke, yenye lafudhi ya wageni, ya Ohio labda. "Ameniangukia miguuni kabisa. Mmeona? Babu? Babu, uko sawa?"

Kitambaa cha kiti kililalamika mtu alipoegemea mbele. Kiti kilikuwa kitupu, mgeni amechoka, amekaa. Hakuna wa kulaumiwa. Delbert alikuwa maiti na maiti haongei. Akainua ncha ya buti na kuipiga chini mara mbili, polepole, ili asiwepo mtu popote wa kusema hakuelewa.

"Anatikisa mguu," mwanamke akawaambia wenzake. "Yuko sawa." Akaendelea na bisi zake.

Delbert alilala. Machozi yalitoka bila kumwomba ruhusa, yakaingia kwenye nyasi. Alikuwa amejibu. Alidhani akishajibu kitu kitafunguka, sijui nini, kifua labda. Hakikufunguka. Ilikuwa kweli sasa, basi, na alikuwa peke yake nayo.

Tarumbeta likalia. "Wafu, amkeni!" Uwanja mzima ukainuka, wa bluu na wa kijivu wakijipangusa matako, wakitafutana kofia, wakipeana mikono. Makofi yakavuma, kisha yakaisha. Watu wakaanza kuelekea kwenye vibanda vya chakula. Mwanamke wa Ohio akaondoka na wenzake, na kiti kikabaki na bisi chache juu yake. Delbert hakuinuka. Hakuwa akigoma. Hapo katikati ya tarumbeta na kuinuka palikuwa na sauti siku zote, na bila sauti ile mwili haukujua pa kuanzia.

Hatua nzito zikaja. Alizitambua kwa mlio wa upanga uliokuwa ukigonga goti.

"Stamper!" Harlan alikuwa anawaka. "Umenifanyia nini leo? Watu hamsini wamekupiga! Yule jamaa wa kipaza sauti anataka kulia! Nimekuambia kivuli, nimekuambia ukingoni..." Alikuwa amekiona kiti. Akakitazama, akamtazama mtu aliyelala chini yake, akakitazama tena. Upanga ukaacha kugonga.

"Delbert," alisema, kwa sauti nyingine. "Uko sawa?"

Delbert aligeuza uso kidogo, shavu likiwa bado kwenye nyasi.

"Hapana," alisema. "Siko sawa, Harlan. Sijawa sawa hata siku moja."

Harlan Combs alikuwa na maneno ya kila aina: ya kuuza pumba, ya kupanga majeshi, ya kusalimia maseneta. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumsaidia, na hapakuwa na mtu. Kisha akapangusa bisi kwenye kiti, akakikunja, akakitia kwapani, na kuunyoosha mkono wake mnene.

"Haya, marehemu," alisema. "Maharage yatakauka."

Delbert hakuwahi kujua kwamba kulikuwa na mwingine aliyekuwa akisikia.

"Maharage ya nani?" aliuliza.

"Ya mke wangu Dottie. Anapika vibaya, wewe unajua. Lakini yapo, na utayala ukiwa umekaa."

Delbert akaushika mkono, akainuka goti moja, kisha la pili. Wakashuka pamoja kuelekea kwenye magari, na njiani alikiomba kiti akibebe mwenyewe.